Kabla ya injini kubwa, tuliulizana gari letu linasimamaje

Kwetu Bariadi, stesheni wagoni ni mali ya ukoo mzima hata kama kadi yake ina jina la mtu mmoja. Asubuhi inapeleka watoto shule, jioni inabeba magunia, Jumamosi inakwenda msibani Itilima ikiwa na watu saba, na mlango ukigongwa usiku wa manane, mara nyingi ni jirani mwenye mgonjwa. Ndiyo maana mume wangu aliposema anataka kulibadilishia gari letu injini na kuweka kubwa zaidi, suala hilo halikuwa la yeye na fundi peke yao.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya miaka ya tisini, lile umbo la nyuma ndefu lililotamba kabla Toyota haijaleta Probox mwaka 2002. Huku Kanda ya Ziwa wengi wanayajua magari haya kwa jina la michomoko, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakichomoka na abiria kwenda minadani na vijijini. Letu halijawahi kubeba abiria wa kulipa, lakini limefanya kazi kama punda.

Mwaka jana lilianza kula oili. Asubuhi likiwashwa linatoa moshi wa bluu, na kabla ya siku ya sevisi kufika tunakuwa tumeshaongeza lita nzima. Fundi alipima mgandamizo kwenye silinda zote nne, akatuambia bila kuzunguka kwamba ringi zimekwisha. Akatupa njia mbili: kuifungua injini, kuchonga silinda na kuweka pistoni mpya, au kutafuta injini ya mtumba ya aina ileile kutoka Japani. Mume wangu akaongeza ya tatu. Alitaka injini iitwayo 7A.

Nieleze kidogo kwa mzazi ambaye mambo ya gereji si yake. Injini yetu ilikuwa 5A, yenye ujazo wa cc 1,498. Hiyo 7A ni ya ukoo uleule wa Toyota, lakini ina cc 1,762, na ilifungwa kwenye baadhi ya Caldina na Carina. Upana wa silinda umeongezeka kidogo, kutoka milimita 78.7 hadi 81. Tofauti kubwa iko kwenye safari ya pistoni juu na chini: milimita 77 kwa 5A, milimita 85.5 kwa 7A. Safari hiyo ndefu ndiyo inayoipa injini nguvu ya kuvuta mapema, dereva akiwa bado hajakanyaga mafuta sana. Kwa gari linalobeba watu na magunia, nguvu ya namna hiyo ina faida kuliko ya kukimbia.

Sababu yake haikuwa ufahari, na hilo nalikiri kwa haki. Mama mkwe wangu ana kliniki Bugando, na safari ya Mwanza kwetu ni kwenda Lamadi kwanza, kisha kushika barabara kuu inayotoka Musoma, kupita Magu na daraja la Mto Simiyu. Msimu wa pamba malori yamejaa njiani. Ukiwa na gari lililochoka, lenye watu sita na mizigo, kulipita lori moja refu ni kazi ya kumwomba Mungu. Unatoka upande wa pili, unashusha gia, injini inapiga kelele, lakini lori haliachwi. Mbele basi linakuja. Aliyewahi kukaa kiti cha nyuma na mtoto mapajani wakati kama huo anajua ninachosema.

Kwa hiyo sikukataa. Mimi ni mwalimu wa fizikia, nikachukua daftari la matumizi ya nyumbani nikampigia hesabu ninayowapigia wanafunzi wangu kila mwaka. Nishati ya kitu kinachotembea inaongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Gari likitoka mwendo wa 80 kwenda 100 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini kazi ya breki imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Tena dereva akichelewa sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki, kwa 80 gari limeshakwenda mita 22, na kwa 100 limeshakwenda mita 28. Hapo breki hata haijaguswa.

"Baba watoto," nikamwambia, "injini mpya itatutoa hapa haraka. Nani atatusimamisha kule?"

Akacheka, lakini kesho yake alimwambia fundi aanze na magurudumu. Tulichokikuta kilitunyamazisha wote wawili. Silinda ndogo ya breki kwenye gurudumu moja la nyuma ilikuwa inavuja polepole, na breki shuu zake zimelowa. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri miaka inavyokwenda, na yakiwa na maji ndani hayavumilii joto kali. Dereva anakanyaga, pedali inazama tu. Gari lilikuwa linasimama, ndiyo, kwa sababu lilikuwa halina nguvu ya kwenda mbio. Udhaifu wa injini ulikuwa umeuficha udhaifu wa breki.

Tukakubaliana utaratibu, nikauandika kwenye daftari. Kwanza ada ya muhula, kwa sababu kijana wetu wa kwanza yuko bweni na hilo halina mjadala. Pili breki zote nne, mafuta yake na mipira yake. Tatu matairi. Hapa nampa mzazi mwenzangu jambo la bure: ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa herufi za DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Ukikuta 2312, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2012, hata kama muuzaji amelipaka rangi likang'aa. Mawili ya kwetu yalikuwa na umri mkubwa kuliko mtoto wetu wa mwisho. Injini ikaja ya nne.

Kuinunua kulikuwa na shule yake. Muuzaji wa kwanza tuliyemwendea Mwanza alikuwa na injini nzuri kwa macho, bei yake imeshuka, lakini hakutaka kutoa risiti. Alisema tukitaka risiti ya EFD bei inapanda, na karatasi za injini ilikotoka "zipo, zitafuata". Mume wangu alishaanza kutoa pesa mfukoni. Nikamwomba tutoke nje tunywe maji. Injini ina namba yake iliyochongwa kwenye chuma. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari, pamoja na namba ya chesisi na ukubwa wa cc. Ukifunga injini isiyo na karatasi, hujui kama imetoka Japani au imetoka kwenye gari la mtu aliyelia wiki iliyopita. Tulilala Mwanza kwa ndugu, tukanunua kwa mwingine siku ya pili, ghali zaidi, na risiti mkononi.

Fundi wetu alisisitiza injini ije na vitu vyake: kontroli boksi, waya zake na nozeli zake. Zipo 7A za soko la Japani zilizoundwa kuunguza mchanganyiko wenye petroli kidogo na hewa nyingi, na hizo zinataka kontroli boksi yake halisi. Ukiiendesha kwa boksi ya injini nyingine, utahangaika na gari linalokohoa huku kila fundi akikuuzia plagi mpya. Pia 7A ni ndefu kidogo kwenda juu kuliko 5A, kwa hiyo mkanda wake wa taimingi ni mrefu zaidi, na bomba la eksozi linahitaji kurekebishwa ili likutane nayo. Giaboksi letu la mkono liliikubali. Rejeta ya zamani ilikuwa imeziba nusu, tukaweka nyingine, maana joto la Simiyu kiangazi halina huruma na injini inayochemka huharibu silinda hedi mara moja.

Sisemi haya ili kila mtu akafanye. Nasema ili mtu akitajiwa bei ya injini ajue hiyo ni bei ya mlangoni tu. Kwetu, vitu vilivyoizunguka injini vilikaribia bei ya injini yenyewe. Kama tungekwenda na fedha ya injini pekee, gari lingekaa gereji juu ya mawe hadi msimu mwingine wa pamba, na tumeona mengi yaliyoishia hivyo, kuku wakitagia ndani.

Baada ya kufunga kulikuwa na kazi ya karatasi, na hapo ndipo wanaume wengi huchoka. Tulikwenda kwa askari wa usalama barabarani gari likakaguliwa, kisha tukapeleka TRA kadi, risiti na karatasi za injini ili kumbukumbu zibadilishwe. Halafu tukawaarifu watu wa bima. Gari linalosomeka cc 1,498 kwenye kadi huku limebeba 1,762 chini ya boneti linakwenda vizuri tu mpaka siku ya ajali. Siku hiyo mwenye kulipa fidia anatafuta sababu ya kutolipa, nawe umempa tayari.

Na mafuta? Tuseme kweli, mjini linakunywa zaidi. Kwenye safari ndefu tofauti ni ndogo, kwa kuwa injini haihangaiki. Zamani ukubwa wa injini ulikuudhi mara moja kwa mwaka, kwenye ada ya leseni ya gari. Ada hiyo ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kodi ikahamia kwenye lita ya mafuta. Sasa injini kubwa unailipia kila ukisimama kituoni. Kwa hiyo safari za karibu, zile za kufuata vocha na nyanya, tumerudi kutembea kwa miguu.

Kilichobaki ni watu. Kijana wetu ana miaka 17 na tangu likizo ianze alishinda gereji akimshikia fundi taa. Amejua kutofautisha nozeli na plagi, jambo ambalo baba yake alilijua ukubwani. Siku gari lilipowashwa mara ya kwanza alimuuliza baba yake, "Sasa litakimbia ngapi?" Baba yake akampeleka kwenye uwanja mtupu, akaendesha kwa 40, akafunga breki, akamshusha apime kwa hatua. Wakarudia kwa 60. Yule mtoto alihesabu hatua zile kimya, na pale zilipozidi mara mbili ya zile za kwanza akatazama nyuma kuona kama hajakosea. Mimi nimefundisha kanuni ile kwa ubao miaka mingi. Sijawahi kuona imeingia kichwani mwa mtoto hivyo.

Hata hivyo, ufunguo hapewi. Sheria inasema leseni ya gari ni miaka 18, na sisi tumeongeza yetu: akipata leseni ataendesha mwaka mzima akiwa na mmoja wetu pembeni. Baba yake naye amekubali masharti. Likiwa na watoto au mgonjwa, gari halizidi 80, mwendo uleule ambao sheria imewawekea mabasi na malori. Hakuna anayekaa kule nyuma juu ya magunia, hata kama ni kwenda mtaa wa pili, hata kama ni mpwa anayelia kuachwa. Viti ni vitano na mikanda ni mitano, kwa hiyo ile hesabu ya watu saba imekwisha; wawili watapanda basi, nauli tutalipa sisi. Shangazi mmoja amenuna mpaka leo.

Nguvu iliyoongezeka tunaitumia, sitadanganya. Mwezi uliopita tulikwenda Bugando, na baada ya Lamadi tulikuta lori la pamba linatambaa kwa 50. Mume wangu alisubiri, barabara ikawa nyeupe, akalipita, akarudi upande wake na basi la mbele likiwa bado mbali. Mama mkwe hakuamka usingizini. Kisha akapunguza mwendo.

Kwenye daftari ukurasa unaofuata umeshaanza: shokapu za nyuma mwezi wa nane, mkanda wa taimingi ukaguliwe kabla ya Krismasi, na juu kabisa, kwa kalamu nyekundu, ada ya muhula ujao.