Tundu la Peni

Sarafu ya senti kumi wazee wetu waliizoea kwa jina la peni. Peni za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, lenye ukingo laini ulioinuka. Za Kenya, zilizotolewa kuanzia mwaka 1966 zikiwa na kichwa cha Jomo Kenyatta, hazikuwa nalo. Sokoni Garissa nilimkuta kijana akitaka kutoa bei ya mbuzi kwa peni ya Kenya iliyotoboka, kwa kuwa muuzaji aliapa kuwa ni kosa la kiwanda. Nikamwambia aipapase: upande mmoja madini yamebonyea, upande wa pili yamefura. Huo ni msumari. Kosa la kiwanda huzaliwa pamoja na sarafu. Jeraha huja baadaye, nalo husukuma chapa iliyokwisha kupigwa. Basi kidole kiulizwe kabla kibindo hakijafunguliwa.