Kocha Ajue Nimekimbia Wapi, Sio Naishi Wapi

Timu yetu ya mtaa sasa inavaa vesti za GPS. Kifaa ni kadogo, kamekaa katikati ya mabega, na manze hakana huruma. Kinaandika uko wapi mara kumi kwa sekunde. Kocha akifungua laptopu anaona vile winga alitembea dakika 20 za mwisho, halafu ati alikuwa "anatafuta nafasi".

Mimi nazipenda hizo vesti. Juzi zilionyesha beki wetu amekimbia kupita kiasi wiki tatu mfululizo, akapumzishwa mapema. Kwa macho tu, angeitwa mvivu.

Shida ni kwamba kifaa hakijui mazoezi yameisha. Usipokizima kinaendelea kurekodi hadi steji, hadi kwa mama mboga, hadi mlangoni kwenu. Na kwetu kuna wasichana wa miaka 15.

Si mimi napenda story za kuogofya. Novemba 2017, Strava, ile programu ya wakimbiaji, ilitoa ramani ya dunia ya njia za watumiaji wake, bila jina la mtu yeyote. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaona kwenye hiyo ramani mistari inang'aa mahali pakavu Syria na Afghanistan. Walikuwa wanajeshi wakifanya mazoezi, wakichora kambi zao kwa miguu yao wenyewe. Hakuna aliyedukua kitu. Agosti mwaka huo Pentagon ikapiga marufuku kutumia uwezo wa kuonyesha mahali ulipo kwenye vifaa vya aina hiyo kwa wanajeshi walio kwenye maeneo ya operesheni.

Sasa kama jeshi la Marekani lilijianika hivyo, sisi wa uwanja wa vumbi ni nani?

Hapa Kenya tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inasema data ya mtoto inahitaji ruhusa ya mzazi. Kwetu hakuna mzazi aliyeulizwa. Nikamwambia kocha: filimbi ya mwisho ikilia, vesti zizimwe, zirudi kwa begi. Akaniuliza, "Kwani mnaficha nini?" Nikamuuliza kama yeye angevaa yake hadi kwake Jumamosi usiku. Akacheka, na kusema kweli, siku hizi anazikusanya mwenyewe.

Kitu kimoja bado. Aliyetupea hivyo vifaa ndiye aliye na nywila ya akaunti, na wengi wetu hatujawahi kumwona. Nimeuliza mara mbili. Jumanne nauliza tena, na safari hii wazazi wa wale wasichana watakuwepo.