Hodi ya Angani

Neno "rubani" halikuzaliwa angani. Limetoka katika Kiarabu, na kabla ya ndege kufika pwani yetu lilikuwa neno la bahari: rubani ndiye aliyeijua mikondo na miamba, akakiongoza chombo hadi bandarini. Hapa Kilwa Kivinje, ambako maji yakipwa mashua hulala juu ya tope, wazee hawahitaji kamusi kulielewa.

Mwezi uliopita kijana niliyemfundisha sekondari, ambaye sasa ni mwanafunzi wa urubani, alinipigia simu. Alikuwa ameingia bila kibali katika anga linalodhibitiwa. Hakukusudia, alipanda juu kukwepa wingu. "Shikamoo Mwalimu. Kosa hili kwa Kiswahili linaitwaje?"

Nilimtaka kwanza anieleze mpaka wenyewe. Akasema anga hilo ni kama ngazi iliyopinduliwa: juu ya uwanja wa ndege huanzia ardhini, na kadiri unavyosogea mbali sakafu yake hupanda. Ukiruka chini uko nje. Ukipanda, umo ndani. Mpaka umechorwa katika ramani, lakini angani hakuna boya. Kabla ya kuuvuka, rubani humwita mwongoza ndege kwa redio, hutaja alipo na aendako, kisha hungoja ruhusa. Akiambiwa "subiri", bado hajaruhusiwa.

Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni hodi. Kuitikiwa si kukaribishwa."

Wako watakaopendekeza "kuvamia anga". Mimi siliafiki. Kuvamia kuna nia ndani yake. Huyavamia majeshi na majambazi. Kijana huyu aliingia bila hodi, na lugha inayowatenganisha wawili hao ni lugha yenye haki.

Lakini haki hiyo isitufanye tulidharau kosa. Tarehe 5 Machi 2024, jirani na uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani. Ndege ya abiria, yenye watu 44, ilirudi salama. Mwanafunzi na mkufunzi wake walifariki. Simtaji mwenye kosa. Nataja tu kwamba anga lina wenyeji wengi wasioonana.

Kilichonitia hofu katika simu ile hakikuwa kuvuka mpaka. Kijana alikiri kwamba, alipogundua alipo, alinyamaza dakika kadhaa akitunga Kiingereza fasaha cha kujieleza. Dakika kadhaa! Kwetu mtu akikosea nyumba husema papo hapo, "Samahanini, nimepotea," naye huonyeshwa njia. Hangoji ufasaha.

Nimefundisha sarufi miaka mingi, na sijuti. Hata hivyo nilimwomba kijana yule ajifunze kuisema kwanza sentensi moja, kwa lugha yoyote isikikayo redioni, ikiwa na makosa au haina: sijui nilipo, nisaidieni.