Ndugu Walikuwepo, Mifugo Haikuwepo

Akko, bibi yangu mzaa baba, alilea watoto wengi asiowazaa, na sikumbuki kumsikia akimwita hata mmoja wao yatima. Kwa Waborana wa Waso, kaskazini mwa Kenya, mtoto aliyefiwa ni mtoto wa ukoo. Wazee walikaa kikao cha busa gonofa, wakachanga mitamba na mbuzi, na ndugu aliyekubali kulea akaondoka na mtoto pamoja na mnyama wa kumkamulia. Hakuna aliyebebeshwa mtoto mikono mitupu.

Mimi nilizaliwa mambo hayo yamekwisha haribika. Wazee wa Kinna bado hugawa miaka kwa Gaf Daaba, wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali ilipowakusanya wafugaji kwenye kambi za Garba Tulla, Merti na kwingineko. Mifugo mingine ilipigwa risasi, mingine ikafa njaa karibu na kambi kwa kukatazwa kwenda malishoni. Watu wakatoka humo mafukara. Wengine walishika jembe kando ya maji ya Kinna, kazi ambayo baba zao hawakuijua. Akko alinisimulia kwamba msiba ukitokea, kikao kiliitishwa vilevile. Wazee walikaa, wakatazamana, na hakuna aliyekuwa na mtamba wa kutoa.

Ndipo vikaja vitanda: shule za bweni kwa watoto wa wafugaji, misheni, vituo vya Kiislamu vya kulelea mayatima. Sitawabeza waliovijenga. Bweni lilikuwa sahani ya chakula ambayo nyumbani haikuwepo, na wapo watu wazima leo ambao wasingefika utu uzima bila hiyo sahani. Lakini niliwaona pia vijana waliorudi baada ya miaka mingi, wana cheti mkononi na hawajui ami yao ni yupi. Wakisalimiwa kwa Kiborana wanajibu kwa Kiswahili. Ukoo wao ulikuwa hai muda wote huo, safari ya saa chache tu kutoka bwenini.

Sasa upepo umegeuka. Mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaitambua kafala, malezi ya mtoto wa mwingine kwa mujibu wa dini yetu ya Kiislamu. Mkakati wa taifa unataka watoto watoke makaoni warudi kwenye familia ifikapo 2032. Naunga mkono kwa moyo wote. Ninachohofia ni familia zenyewe. Sheria hiyo ilitufikia wakati wa ukame wa misimu mitano mfululizo, mizoga imelala kando ya barabara ya Garba Tulla. Pesa za serikali kwa wanaolea mayatima ni shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa nyumba nzima, awe mtoto mmoja au sita.

Ndiyo maana nina imani na kazi inayofanyika mchana, baada ya shule. Akina mama wa mtaa wetu hupika githeri karibu na duksi, shule ya Kurani. Watoto wanakula, wanasoma Kurani, wanafanya kazi ya shule kabla giza halijaingia, kisha kila mmoja anakwenda kulala kwao. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekula nusu tu, nusu nyingine akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunika kwa kitambaa. Mwalimu alitaka kumkataza. Mama mpishi akamwambia, "Mwache, maalim. Ana akko yake nyumbani." Akachukua kopo, akalijaza.

Tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba mchango wa kila Ijumaa ugawanywe: sehemu inunue mahindi na maharagwe, sehemu inunue mbuzi mwenye maziwa, apelekwe kwa bibi au shangazi anayelea. Wa kwanza alikwenda kwa yule akko wa kopo. Orodha ya wanaosubiri ni ndefu, na mbuzi mzuri sokoni ni ghali.