Sinema ya Siakago

Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Atakaye kuiona maana ya methali hii na afike nchi ya Mbeere, katika sehemu ya chini ya Kaunti ya Embu. Huko ndiko Mto Tana ulikozuiwa mara tano ili uzalishe umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Nyaya nene zikapita juu ya mashamba ya mtama na pojo zikielekea miji ya mbali, ilhali chini yake watu waliendelea kuwasha koroboi na kulala mapema.

Mzee mmoja wa Siakago alikuwa miongoni mwa vibarua waliobeba saruji kule Kiambere. Alikwenda akiwa kijana asiyejua lugha nyingine ila ya mama yake, akarudi na mambo mawili. La kwanza ni Kiswahili, alichokiokota kutoka kwa Wakamba, Waluo na Wapokomo waliofanya kazi naye. La pili ni sinema. Jumamosi moja moja gari lilikuja kambini, shuka jeupe likatundikwa kati ya miti miwili, na mtu mwenye kipaza sauti akawaeleza vibarua yaliyokuwa yakitendeka pale shukani. Mzee alisahau majina ya filamu zote. Sauti ya yule mtu hakuisahau.

Umeme ulifika nyumbani kwake mwaka 2017, kupitia mradi wa serikali wa kuunganisha nyumba za mashambani ulioanzishwa mwaka 2015. Ilikuwa imepita miaka ishirini na tisa tangu Kiambere ianze kuzalisha. Taa ilipowaka alicheka, akasema kwamba umeme huo ulikuwa umepitia Nairobi kwanza kuomba ruhusa. Hata hivyo, hakununua televisheni. Jioni alipendelea kwenda sokoni, kwenye kibanda cha mabati chenye viti vya mbao, ambako kwa sarafu chache aliweza kutazama filamu za Kichina na za Kihindi zilizosimuliwa kwa Kiswahili na DJ Afro. Kisha mwaka 2020 alianguka kutoka juu ya mwembe, akavunjika nyonga. Tangu siku hiyo soko likawa mbali kuliko Kiambere.

Mzee alikuwa na mwana wa kiume aliyesomea ualimu wa Kiswahili. Ili karo ipatikane, fahali mmoja na mitamba miwili waliuzwa. Siku ya kuwauza mzee aliuliza swali ambalo mwanawe alilibeba miaka minne yote ya chuo: “Kiswahili si kile tulichokisema kule bwawani bila kulipa karo?” Jibu halikupatikana siku hiyo, wala siku ya mahafali. Kijana alipokuwa akisubiri ajira ya ualimu, alipanga chumba mjini Meru, eneo la Makutano, akawa anajitafutia riziki kwa kutengeneza kompyuta za watu. Kazi ya mikono ilimlisha. Shahada ilikaa ndani ya bahasha chini ya godoro.

Mwishoni mwa mwaka 2021 aliazimia kumpelekea babake jumba la sinema. Televisheni kubwa za kisasa hakuziweza. Alichokiweza ni kuunda kompyuta ya kazi hiyo kwa vifaa vilivyokwisha kutumiwa na wengine. Alianza na kompyuta ndogo ya mezani, mojawapo ya zile ambazo maofisi ya Ulaya huziondoa na ambazo katika maduka ya Kenya huitwa “ex-UK”. Aliichagua kwa makini. Filamu nyingi siku hizi hubanwa kwa mtindo wa H.265, uliosanifishwa mwaka 2013, ambao huifanya faili iwe karibu nusu ya ukubwa wa awali. Kuifumbua faili ya namna hiyo ni kazi nzito. Kichakataji cha zamani huifanya kwa jasho: hupata moto, feni hulia, na picha hukwamakwama. Vichakataji vya Intel vya kizazi cha sita, vilivyotoka mwaka 2015, vina sehemu maalumu ya kazi hiyo, hivyo mashine hutulia. Kwa shilingi 11,000 kijana akapata yenye kichakataji cha kizazi hicho.

Aliifungua, akapuliza vumbi, akafuta mafuta makavu yaliyokuwa juu ya kichakataji na kupaka mapya ili joto lipate njia ya kutoka. Aliondoa feni ndogo iliyopiga kelele na kuweka kubwa inayozunguka polepole, aliyoing’oa kwenye mashine iliyokufa. Mtazamaji hastahili kusikia feni pale mhusika anaponong’ona. Skrini ya inchi 22 iliyotoka ofisini ilimgharimu shilingi 4,000. Amplifaya ndogo 1,200. Kibodi isiyo na waya 1,300. Kebo ya HDMI 300. Antena pamoja na kifaa cha kunasa matangazo ya dijitali 2,600. Jumla ikawa shilingi 20,400, bei ambayo haikufikia hata ya mtamba mmoja.

Programu hazikumgharimu kitu. Alitumia Linux, na juu yake akaweka programu ya kupanga na kuonyesha filamu ambayo zamani ilitengenezewa mashine ya michezo ya Xbox na kuitwa XBMC. Mwaka 2014 ilibadilishwa jina, ikaitwa Kodi. Mswahili akilisikia jina hilo hushika mfuko, kumbe ndiyo kodi pekee isiyotozwa mtu.

Siku ya safari aliifunga mashine ndani ya blanketi, akaipakata kama mtoto mchanga. Matatu ikateremka kutoka Meru ikapita Nkubu na Chuka, ikavuka Mto Thuci na kuingia nchi ya Embu, ikapita Runyenjes. Mjini Embu alibadilisha gari, akashuka hadi Siakago, ambako majani ya chai yamekwisha sahaulika na vumbi jekundu limetawala.

Spika hakuzinunua. Ndani ya nyumba kulikuwa na redio ya kaseti iliyonyamaza miaka mingi, lakini masanduku yake mawili ya mbao yalikuwa mazima. Aliyaunganisha na amplifaya, akayaweka kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, kiasi kwamba masanduku hayo na kitanda cha mzee vilifanya pembetatu yenye pande sawa. Kwa kuwa paa la mabati na kuta tupu huirudisha sauti ikavurugika, alitundika magunia ya kahawa ukutani. Mamake alitazama magunia hayo kwa mashaka, lakini hakusema neno.

Usiku ule filamu ya kwanza ikawashwa. Picha ilikuwa safi, na sauti ilijaa chumba. Majirani waliokuwa wamekuja kushuhudia walipiga makofi. Mzee alitazama dakika kumi hivi, kisha akasema kwa upole, “Zima, mwanangu.”

Kijana alidhani nyonga inamuuma. Alipouliza, babake alielekeza kidole kwenye skrini. “Huyu bwana anasema nini?”

“Baba, maneno yameandikwa hapo chini kwa Kiingereza.”

“Nimeyaona. Yanakimbia kuliko nilivyokimbia mimi ujanani.”

Hapo ndipo kijana alipotambua kwamba amehesabu kila shilingi na kupima kila kebo, lakini kuna kiungo kimoja alichokisahau. Mzee hakuwa akienda sokoni kutazama Wachina wakipigana. Alikuwa akienda kumsikiliza msimulizi. Kilichokuwa kikimvuta tangu shuka la Kiambere ni mtu anayeichukua hadithi ya ugenini na kuileta nyumbani.

Msimulizi huyu ana ukoo mpana. Huko Japani, enzi ya sinema bubu, aliitwa benshi, naye alikaa kando ya skrini akisimulia hadi filamu za sauti zilipomwondoa kazini katika miaka ya 1930. Nchini Tanzania, marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, aliwasimulia watu wa Dar es Salaam filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Uganda kazi hiyo ina mafundi wake, na nchini Kenya DJ Afro ameingia katika vibanda vya masoko mengi. Wapo wasomi wanaoidharau kazi hii kwa kuwa haifuati kila neno la filamu. Mgala muue na haki yake mpe: ndiyo iliyowafungulia mamilioni ya watu mlango ambao lugha ya kigeni iliufunga.

Kijana aliwasha tena filamu, akapunguza sauti, akaketi kando ya kitanda. Alianza kusimulia. “Mhusika mkuu,” alisema, “anadhihirisha ukengeushi wake kutokana na mgogoro wa kitabaka...”

“Ngoja,” mzee akamkata. “Unasimulia au unatahini?”

Majirani waliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, uso ukimwaka. Miaka minne alikuwa amejifunza kuizungumzia hadithi. Kuisema hakuwa amejaribu. Alianza upya. Jambazi akampa jina la utani la mnunuzi mmoja wa pojo anayejulikana kwa kupunja mizani. Ngome ya jambazi akaiweka ng’ambo ya bwawa. Shujaa alipodanganywa na rafikiye, kijana alinyamaza kidogo, akatia methali, akaacha picha iendelee peke yake. Alijikuta akiyahitaji yote aliyodhani yamebaki darasani: taharuki, takriri, tashihisi, mizani ya sentensi, na ukimya. Nadharia hazikuwa zimepotea. Zilikuwa zimekosa hadhira.

Filamu ilipokwisha mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, kana kwamba anajiambia mwenyewe, “Kumbe yule fahali aliingia humu.” Hilo lilikuwa jibu la swali lake mwenyewe, naye hakuliongezea neno.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi kijana husafiri kutoka Meru akiwa na filamu moja mfukoni. Huitazama kwanza mara mbili chumbani Makutano, huandika maneno magumu, huyatafutia Kiswahili kinachoeleweka na mtu aliyebeba saruji. Mashine haijamsumbua, huifungua kila baada ya miezi mitatu kuondoa vumbi jekundu. Katika ujenzi wote ule, sehemu iliyodai matengenezo mengi zaidi imekuwa ulimi wake.

Usiku mmoja wa mvua, shujaa alipokuwa amening’inia ukingoni mwa jabali, umeme ulikatika. Giza la kale likarudi, na mabati yakalia kwa matone. Mamake alipapasa akitafuta kiberiti. Kijana alinyamaza, akiomba mitambo ya Kiambere, isiyo mbali na hapo, iwakumbuke jirani zake.

Sauti ya mzee ilitoka kitandani. “Mbona umesimama? Kilichokatika ni umeme. Endelea.”

Naye akaendelea.