Sakombi Inongo na Kazi ya Kupamba Maneno

Katika watu walioishi kwa kalamu ya serikali, nathubutu kusema hakuna anayetufaa sisi waalimu wa lugha kumtazama kama Dominique Sakombi Inongo wa Zaire. Miaka ya mwanzo ya 1970 ndiye aliyekuwa na dhamana ya habari na uelekezaji wa taifa chini ya Mobutu. Sisi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika tuliisikia redio yao hata bila ya kuitafuta.

Nchi ilibadilishwa jina tarehe 27 Oktoba 1971. Mwaka uliofuata majina ya ubatizo yakapigwa marufuku. Tai ikavuliwa, abakosti ikavaliwa. Kila bwana na bibi akawa “mwananchi”. Dominique naye akaliacha jina lake. Katika televisheni, taarifa ya habari ilipoanza, uso wa Rais ulionekana ukishuka kutoka mawinguni. Mwaka 1975, kwa majuma kadhaa, vyombo vya habari vilikatazwa kumtaja kiongozi mwingine yeyote kwa jina. Waliobaki walitajwa kwa vyeo tu. Wenzangu wa sarufi watanielewa: jina la pekee lilibaki moja nchini. (Na hilo “Zaire” lililosifiwa kuwa la asili, ni neno la Kikongo, nzadi, yaani mto, lililopotolewa na ndimi za Wareno!)

Lakini hakuwa mjinga, wala hakuanza na uongo. Mkoloni alikuwa amewafanya watu wayaonee haya majina ya babu zao. Jeraha hilo lilikuwa la kweli. Uongo ulishonewa juu ya kitambaa kizuri, ndiyo maana ulidumu.

Miaka ya 1990 alijitokeza kama mlokole, akatubu hadharani, na jina la Dominique likarudi. Kisha Laurent Kabila, aliyemwangusha Mobutu Mei 1997, akamfanya waziri wa mawasiliano. Kabila alipigwa risasi tarehe 16 Januari 2001, na tarehe 18 ni Sakombi huyo huyo aliyewatangazia Wakongo kifo chake. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2010. Moyo wa mtu siwezi kuupima. Naona tu kwamba toba haikumtoa penye kipaza sauti.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwanafunzi wangu wa zamani, aliyeajiriwa juzi katika ofisi moja ya habari, ameniomba nimkusanyie methali za kumsifia mkuu wake. Ni kijana mwenye Kiswahili kitamu, tena ana watoto wawili wa kulisha. Sikumpelekea methali. Nimemwandikia namna ya kutunga tangazo la maji kukatika: mtaa upi, tangu saa ngapi hata saa ngapi, kwa sababu gani, na nani ametoa amri. Hilo la mwisho nimelipigia mstari. Hajanijibu bado.