Mchanga au Udongo?

Neno mchanga, huku kwetu pwani, lina kazi nyingi. Fundi wa nyumba huliita hivyo fungu la kuchanganyia saruji. Waliotoka makaburini husema wamekwisha kumtia marehemu mchanga. Wenzetu wengi wa Kenya huita mchanga udongo wowote wa shamba, uwe mwekundu au mweusi. Na mtoto wa juzi naye ni mchanga. Kwa miaka mingi wingi huu wa maana ulikuwa kwangu jambo la kufurahisha darasani tu, mpaka mwaka juzi, neno hilo hilo lilipotaka kutuuzia shamba la baba yetu.

Shamba lenyewe ni eka 6, kilomita chache kutoka ufukoni, katika mkoa wa Tanga. Lina mikorosho mikongwe, minazi iliyobaki, miembe miwili, na mihogo ambayo dada yangu huipanda kila masika. Ukitembea humo wakati wa kiangazi viatu hujaa mchanga, na mguu huzama kama uko pwani. Hakuna jiwe. Mgeni kutoka milimani, aliyezoea udongo mwekundu unaonata kwenye jembe, hutazama akauliza kwa upole kama kweli hapa panaota kitu.

Mimi nimekuwa mwalimu tangu nilipotoka chuo cha ualimu miaka ya mwanzo ya sabini, na nilistaafu nikiwa mwalimu mkuu. Chuoni tulifundishwa kilimo pamoja na mbinu za kufundisha, maana Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imetangazwa mwaka 1967 na kila shule ilitakiwa iwe na shamba. Mkufunzi wetu wa kilimo alitufundisha jaribio ambalo halihitaji chombo. Chukua udongo kiganjani, utie maji kidogo, ufinyange uwe tonge, kisha uuviringishe uwe kamba. Mfinyanzi hutoa kamba ndefu unayoweza kuipinda ikawa pete. Tifutifu hutoa kamba fupi, ukiipinda inakatika. Kichanga hakitoi hata tonge la kuaminika. Ukifungua vidole kinamwagika.

Sababu yake ni ukubwa wa chembe. Chembe ya mchanga ni kati ya sehemu 5 za mia za milimita na milimita 2; chembe ya mfinyanzi haifiki sehemu 2 za elfu za milimita. Chembe za mchanga wa kwetu karibu zote ni kwatzi, yaani kitu kile kile ambacho kikiyeyushwa kwa moto mkali huwa kioo. Kwatzi haiozi, haiyeyuki kwa mvua, wala haishiki chakula cha mmea. Mfinyanzi hushika virutubisho kwenye ngozi ya chembe zake. Mchanga hauna ngozi ya namna hiyo. Kinachoshika chakula katika shamba kama letu ni mboji peke yake, yaani majani na mizizi iliyooza, na mboji yote imelala juu, katika kina kisichozidi shubiri moja na ushei. Naomba msomaji akiweke akilini kina hicho, maana ugomvi wote ulikuwa hapo.

Mtoto mkubwa wa marehemu kaka yangu ndiye aliyekuja na habari ya lori. Mtu mmoja wa ujenzi alikuwa anatafuta mchanga wa kuchimba, na alikuwa tayari kulipa kwa kila tripu. Kijana hakuja kwa ulafi, na ni haki niseme hivyo. Alikuwa na binti aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi, na ada ilikuwa haijapatikana. Alikaa mkekani mbele yangu na ya shangazi yake, akasema kwa adabu, "Baba mdogo, korosho inalipa mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hailipi. Lori linalipa kila jioni. Na hata ninyi wenyewe mnasema hapa si udongo, ni mchanga tu."

Hilo "mchanga tu" ndilo lililonichoma. Nililisikia zamani, shule niliyokuwa nikifundisha ilipoagizwa na ofisa mmoja ilime mahindi kwenye ardhi ya namna hii, mistari iliyonyooka kwa kamba. Mahindi yalitoka vizuri, yakafika magotini, kisha mvua kubwa ikanyesha siku tatu mfululizo na shamba zima likageuka rangi ya ndizi mbivu. Mvua ilikuwa imeisukuma naitrojeni chini, mizizi isikoweza kuifikia. Ofisa alisema udongo haufai. Mzee mmoja mlinzi wa shule, ambaye hakujua kusoma, alisema udongo unafaa sana ila mmeuomba kitu ambacho hauna.

Nilimwomba mtoto wa kaka yangu anipe wiki mbili. Nina mwanafunzi wangu wa zamani ambaye alisomea mambo ya udongo. Alikuja Jumamosi moja na keekee ndefu ya kutobolea ardhi na kitabu cha rangi cha Munsell, chenye vibandiko vidogo vya kulinganishia rangi ya udongo. Akachagua mahali katikati ya mikorosho, vijana wakachimba shimo la mita 2. Kulichimba kulichukua asubuhi moja tu, lakini kingo zilikuwa zikibomoka, ikabidi tulipanue kama ngazi ili asije mtu akafukiwa.

Mimi na dada yangu hatukushangaa kuona kingo zikibomoka. Baba amezikwa humo humo shambani, na siku ile wachimbaji walisema ardhi ya kwetu haikubali mwanandani wa ubavuni, haishiki. Kaburi lake lilichimbwa mwanandani wa katikati na kufunikwa kwa mbao kabla ya kutiwa mchanga.

Ndani ya shimo mambo yalionekana wazi kuliko kitabuni. Juu kulikuwa na tabaka la rangi ya majivu ya kahawia, lenye mizizi myembamba kama nywele. Tukalipima, sentimita 24. Chini yake rangi ikawa ya manjano, kisha kadiri tulivyoshuka ikaelekea wekundu, kwa sababu ya utando mwembamba wa chuma unaozizunguka chembe. Hakuna mpaka mkali, hakuna changarawe, hakuna tabaka gumu. Mchanga hadi chini kabisa. Na pale chini, kwenye mita 2, mzizi wa mkorosho wenye unene wa kidole gumba ulikuwa bado unakwenda zake.

Mwanafunzi wangu akatuambia jina. Katika mfumo wa kimataifa unaotumiwa na wataalamu, uliochapishwa mwaka 1998 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, udongo wa namna hii huitwa Arenosoli, kutokana na neno la Kilatini la mchanga; neno hilo hilo ndilo lililotoa jina la uwanja wa michezo, kwa kuwa Warumi walimwaga mchanga mahali pa kupigania. Sharti kubwa la jina hilo ni kwamba mchanga, au mchanga wenye mfinyanzi kidogo sana, uendelee angalau hadi sentimita 100, na mawe yawe machache. Mfinyanzi ukiongezeka vya kutosha kabla ya kina hicho, jina hubadilika, na ushauri nao hubadilika. Ndiyo maana huwezi kuuainisha udongo kwa kuutazama usoni. Udongo wa aina hii, pamoja na majangwa yenyewe, umefunika karibu hekta bilioni 1.3 za dunia, kama sehemu moja ya kumi ya nchi kavu.

Wamarekani wana mfumo wao, uliotolewa mwaka 1975, na humo udongo kama wetu huwekwa katika kundi la Entisoli, yaani udongo ambao haujapata muda wa kujitengenezea matabaka. Udongo mchanga, basi, kwa maana ya pili ya neno! Nilicheka peke yangu. Lakini si lazima uwe wa juzi. Kwatzi haibadiliki kirahisi, kwa hiyo mchanga uliolala hapa muda mrefu kupita kiasi unaweza kuonekana kijana kama ule ulioletwa na mto mwaka jana. Ni kama wale wazee wasioota mvi.

Jambo jingine alilotukumbusha lilitoka karibu na nyumbani. Katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, aliwahi kufanya kazi mtaalamu aliyeitwa Geoffrey Milne. Mwaka 1935 alitoa kwa ulimwengu neno katena, maana yake mnyororo. Aliona kwamba katika Afrika Mashariki huwezi kuueleza udongo mmoja peke yake. Wa kilimani, wa mteremkoni na wa bondeni umeshikana kama pete za mnyororo, na ukijua mmoja unaweza kubashiri unaofuata. Neno hilo hufundishwa vyuoni duniani kote. Dada yangu alisikiliza, kisha akauliza kama huyo bwana alihitaji kusoma mpaka wapi ili ajue kuwa mihogo hupandwa juu na mpunga bondeni. Sikuwa na jibu zuri.

Nilichukua chaki, maana tabia haiachi, nikamwandikia mtoto wa kaka yangu hesabu mbili kwenye mlango wa ghala.

Ya kwanza ilikuwa ya maji. Mita moja ya kina cha mchanga huweza kumwekea mmea kati ya milimita 25 na 100 za maji, tuchukue 60. Hindi ambalo mizizi yake inatumia sentimita 70 lina akiba ya milimita 42. Jua la kwetu huvuta 5 au 6 kwa siku. Wiki moja bila mvua, akiba imekwisha. Mkorosho unaoshuka mita 4 una milimita 240. Kwa hiyo masika yanapokwisha na majani mengine yanakauka, mkorosho ndio kwanza unatoa maua, unakunywa mvua ambayo sisi tumekwisha kuisahau. Udongo huu haupotezi maji kama watu wanavyodhani, huyaweka mbali. Hata visima vyetu vinaishi kwa mvua hiyo iliyozama.

Ya pili ilikuwa ya lori. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Ukichimba mita 2 unapata kama mita za ujazo 8,100, na kwa lori la mita 5 ni tripu zipatazo 1,600. Hizo ni fedha, sikuzificha. Lakini tripu 200 za kwanza ndizo zitakazobeba zile sentimita 24 za juu zenye mboji, na anayejenga hata hazitaki, kwa kuwa mboji huharibu saruji. Zitasukumwa pembeni zioshwe na mvua. Baada ya hapo utakachobaki nacho ni kioo kilichosagwa, na hakuna mbolea ya dukani itakayokaa humo. Salfeti ya amonia, ile tuliyozoea kuiita SA, ndiyo ingeuchachua upesi zaidi, kwa sababu mchanga hauna nguvu ya kuzuia tindikali.

Nilimkumbusha pia kwamba kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 mchanga wa ujenzi nao ni madini, na kuuchimba kwa biashara kunataka leseni. Kwa hiyo serikali nayo ina ainisho lake, na fundi ana lake, na wote wanasema kweli kwa kazi yao. Kosa ni kuchukua jina la mwenye lori ukalifanya jina la shamba.

Mtoto wa kaka yangu alisoma mlango wote. Akasema, "Nimeelewa, Baba mdogo. Lakini ada haisomi hesabu hii." Alikuwa na haki. Somo zuri halijawahi kumlipia mtu karo.

Dada yangu ndiye aliyekata shauri. Alisema yeye sehemu yake haichimbwi, kwa kuwa ndipo alipo baba, na ardhi ile tumeiona inavyobomoka; leo wakichimba hatua 30 kutoka kaburini, masika matatu yajayo watakuwa wamefika. Kisha akauza mbuzi wake wanne. Mimi nikatoa katika pensheni yangu. Mwaka wa kwanza wa binti ukalipwa hivyo. Wa pili tumeulipa kwa korosho na kwa mkopo mdogo wa ushirika. Wa tatu bado hatujui.

Mikorosho iliyozeeka tumeanza kuipunguza na kupanda mipya kwa nafasi ya mita 12 kila upande, ambayo ni miche 28 kwa eka. Katikati ipo mihogo na kunde. Dada amekataza kuchoma majani. Yanasombwa na kulazwa kwenye mashina, na mtoto wa kaka yangu analalamika kuwa yanaficha nyoka, jambo ambalo ni kweli.

Lori lilipata mchanga wake ng'ambo ya barabara. Shimo hilo sasa lina kina cha kama mita 3, masika hujaa maji, na mwembe uliokuwa ukingoni umekwisha kuanguka. Mwenye shamba ni mtu ninayemheshimu, alikuwa na shida zake kama sisi. Juzi alikuja kuniuliza kama mche wa mkorosho unaweza kushika ndani ya shimo lile, nikamwambia alete udongo kiganjani tuutazame.